MAKAA, MAJI NA HEWA YA NYUMBANI: KAZI YAKE NA MPAKA WAKE

Na Katibu wa Chama

Ndugu Wanachama,

Msimu wa kuchuma unakaribia, na katika mikutano ya matawi swali moja limerudi mara nyingi. Wanachama wanauliza: "Je, ni kweli kwamba makaa husafisha maji? Na kama ni kweli, tuna haja gani ya kumaliza kuni kwa kuyachemsha?"

Swali hili ni la watu wenye akili, nalo lastahili jawabu kamili. Jawabu lenyewe lina sehemu mbili. Ya kwanza ni ndiyo, makaa husafisha. Ya pili ni kwamba hayasafishi kila kitu. Atakayeishika ya kwanza akaiacha ya pili anaweza kuwatia maradhini wachumaji wake wote katika juma moja. Kwa hivyo yafaa tulisome jambo hili polepole, tangu mwanzo wake.

SIFA TATU, NA JAMBO LA NNE

Sote tuliopita chuoni tulisomeshwa kuyaangalia maji ya tohara kwa sifa tatu: rangi yake, ladha yake na harufu yake. Kipimo hicho kimewekwa kwa ajili ya tohara, na kwa kazi hiyo kinatosha.

Lakini maji ya kunywa yana jambo la nne, nalo halionekani kwa macho, halinusiki kwa pua, wala halionjeki kwa ulimi. Jambo hilo ni vijidudu vya maradhi. Maji yanaweza kuwa meupe, matamu, hayana harufu yoyote, na ndani yake mna kipindupindu au homa ya matumbo.

Mwanachama akilikumbuka hili moja, amekwisha kulijua nusu ya somo: makaa hutengeneza rangi, ladha na harufu. Jambo la nne hayaliwezi.

MAKAA HUFANYAJE KAZI?

Kuni zikiwaka penye hewa nyingi huishia majivu. Lakini zikipata moto huku zimefunikwa, kama katika tanuri la mchoma makaa, maji na moshi hutoka, na kinachobaki ni makaa. Ukilivunja kaa ukalitazama kwa darubini utaona kwamba limejaa vitundu vingi sana, vidogo kwa vikubwa, mfano wa sega la nyuki. Kuta za vitundu hivyo zina tabia ya kuvuta na kunasa vitu fulani vilivyomo majini au hewani, hasa vile vinavyotia rangi na harufu. Vitu hivyo haviliwi na makaa wala haviunguzwi, bali hugandama tu kutani. Kuta zikijaa, kazi imekwisha, na hapo kaa halifai tena mpaka libadilishwe.

Mataifa yenye viwanda huyachukua makaa haya na kuyatia moto mkali mara ya pili pamoja na mvuke, ili vitundu vizidi. Makaa yaliyotengenezwa hivyo huwa na nguvu kubwa sana: gramu moja tu, nayo haijai hata kijiko cha chai, ina kuta ambazo lau zingekunjuliwa zingeenea mita za mraba 500 mpaka 1,500. Haya ndiyo yatumikayo katika mitambo ya maji ya miji na katika hospitali kwa baadhi ya watu waliokunywa sumu. Makaa yetu ya jikoni hayafiki huko hata kidogo. Kwa hivyo mtoto akinywa sumu asilishwe makaa ya seredani, bali akimbizwe hospitali.

Watu wa visiwani tuna sababu ya kufurahi katika habari hii. Mojawapo ya vitu bora kabisa vya kutengenezea makaa hayo ya viwandani ni kifuu cha nazi, kwa kuwa ni kigumu na vitundu vyake ni vidogo mno. Katika Vita Kuu ya Kwanza, hewa ya sumu ilipotumiwa huko Ypres, Ubelgiji, mwaka 1915, majeshi yalilazimika kutafuta vinyago vya kuwakinga askari, na makaa ya vifuu yakawa miongoni mwa yaliyotiwa ndani ya vinyago hivyo. Kifuu tunachokitupa nyuma ya jiko kimewahi kuokoa roho za watu vitani.

WALIOTUTANGULIA

Faida ya makaa si habari mpya. Mwaka 1785 mtengenezaji dawa mmoja wa St. Petersburg, Urusi, jina lake Tobias Lowitz, aligundua kwamba makaa huondoa rangi mbaya katika dawa alizokuwa akizipika, kisha akaona kwamba huondoa pia uvundo wa maji yaliyooza. Jambo hilo lilikuwa na maana kubwa kwa mabaharia, ambao maji yao yalikuwa yakinuka mapipani kabla safari haijafika nusu.

Mwaka 1854 mwanachuoni wa kemia, John Stenhouse, alitengeneza huko London kinyago chenye makaa cha kuzuia harufu mbaya. Wakati ule wengi walidhani kwamba harufu ndiyo iletayo maradhi, na kwamba ukiizuia harufu umeyazuia maradhi.

Mwaka ule ule wa 1854, katika mji ule ule, kipindupindu kikawaka mtaa wa Soho na kuua watu zaidi ya 600. Daktari John Snow akafuatia nyumba kwa nyumba, akaona kwamba waliokufa wengi walikunywa maji ya pampu moja iliyokuwa katika barabara ya Broad Street. Alikuta habari ya bibi mmoja mjane aliyekuwa amehama mtaa ule akaenda kukaa Hampstead, mbali kabisa. Bibi huyo alizipenda ladha za maji ya pampu ile hata akawa akiletewa chupa kwa gari. Akayanywa, akafa kwa kipindupindu, na huko Hampstead ugonjwa haukuwapo.

Tuizingatie habari hiyo. Bibi yule aliyachagua maji kwa utamu wake. Sifa zake tatu zilikuwa njema machoni pake, na lililomwua ni lile la nne.

Wala tusidhani kuwa hayo ni ya London peke yake. Mwaka 1869 na 1870 kipindupindu kiliteketeza watu wengi Unguja. Daktari James Christie, aliyekuwa akitibu hapa siku zile, aliandika kitabu kizima juu ya maradhi hayo, kikapigwa chapa mwaka 1876. Kiliturudia mwaka 1978, na miaka ya 2015 na 2016 wengi wetu tulikishuhudia kwa macho yetu.

KWA NINI MAKAA HAYAZUII VIJIDUDU?

Mtu atauliza: kama makaa yananasa rangi, mbona hayanasi kijidudu? Jawabu ni hili. Vitundu vingi vya ndani ya kaa ni vidogo mno, kijidudu hakiwezi kuingia. Na nafasi iliyo baina ya punje na punje ni kubwa mno, kijidudu hupita humo kama mtu apitavyo njia kuu. Zaidi ya hayo, uchafu uliogandama katika makaa ni chakula cha vijidudu. Makaa yaliyokaa muda mrefu katika chujio bila ya kubadilishwa hugeuka kuwa shamba lao, na maji yakatoka na vijidudu vingi kuliko yalivyoingia.

Hali kadhalika makaa hayaondoi chumvi. Visima vyetu vya karibu na pwani vikiingia maji ya bahari, chujio halitavisaidia.

Mwanachama anaweza kulijaribu jambo hili mwenyewe, na walimu wa skuli wanaweza kuwaonyesha wanafunzi. Pitisha chai ya rangi, iliyo nyepesi na ya baridi, katika makaa yaliyopondwa na kuoshwa: rangi itapungua. Kisha pitisha maji yaliyotiwa chumvi: chumvi itatoka kama ilivyoingia. Jaribio hilo litamfahamisha hata mtoto kwamba makaa huchagua, hayachukui kila kitu.

KUTENGENEZA CHUJIO

Basi makaa yana faida gani? Yana faida ya kuyatayarisha maji. Maji machafu yenye tope na harufu ni taabu kuyatibu, na watu huyakimbia wakaenda kunywa popote. Chujio huyafanya yawe meupe na yapendeze, ndipo yatibiwe.

Kwanza, makaa. Chukua vifuu vikavu visivyo na makumbi. Vitie katika debe kuukuu la bati lisilowahi kutiwa mafuta wala dawa, uviwashe moto. Moshi mzito ukimalizika na vifuu vikawa vyekundu, funika debe kwa bati na uzibe pembeni kwa udongo mbichi, hewa isiingie. Kazi hii ifanywe nje uwanjani. Liache mpaka kesho yake lipoe kabisa. Makaa ya kuni ngumu yanafaa pia, lakini usitumie makaa ya mbao zilizopakwa rangi au dawa ya mchwa, wala yaliyomwagiwa mafuta ya taa. Na majivu yasiingie: majivu huyafanya maji kuwa makali kama magadi.

Yaponde makaa yawe punje za ukubwa baina ya choroko na mahindi. Yapepete kuondoa vumbi, kisha yaoshe mpaka maji ya kuoshea yawe meupe.

Pili, chombo. Toboa tundu dogo chini ya ndoo au mtungi. Panga ndani kwa utaratibu huu, kuanzia chini:

1. Mawe madogo yaliyooshwa, unene wa vidole vinne.
2. Kokoto ndogo, unene wa vidole viwili, kisha kipande cha kitambaa safi.
3. Makaa, unene wa shibiri moja.
4. Mchanga uliooshwa sana, unene wa shibiri moja. Mchanga wa pwani una chumvi, kwa hivyo tafuta wa mtoni, au uoshe mpaka chumvi yote iishe.
5. Kitambaa safi juu, na vijiwe vya kukigandamiza, ili maji yasichimbe mchanga.

Yaache maji ya kisima yatuwame kwanza katika chombo chengine, kisha uyamimine juu polepole. Yatoke chini kwa uzi mwembamba. Yakitoka kwa kasi, makaa hayapati nafasi ya kufanya kazi. Maji ya ndoo za mwanzo yamwage. Kitambaa cha juu kifuliwe kila siku, na makaa yabadilishwe kila baada ya wiki mbili au tatu, au mapema zaidi harufu ikianza kurudi. Makaa yaliyokwisha yatupe kwenye bustani.

BAADA YA CHUJIO, TIBA

Hapa ndipo penye shina la somo. Maji yaliyotoka katika chujio bado si ya kunywa. Yatibiwe kwa moja ya njia hizi tatu.

Kuchemsha. Maji yatokote sawasawa, mapovu makubwa yakipanda juu, kwa muda wa dakika moja kamili. Kisha yafunikwe yapoe katika chombo kile kile.

Klorini. Vidonge vya kutibia maji vitumiwe kama karatasi yake inavyoeleza, na muda wa kungoja utimizwe. Maji meupe hutibika kwa uhakika zaidi kuliko maji ya tope, nayo ndiyo faida mojawapo ya chujio. Lakini lazima tushike utaratibu: makaa kwanza, klorini baadaye. Makaa hunasa klorini. Mtu akitia kidonge kisha akayapitisha maji katika makaa ili kuondoa harufu ya dawa, ameiondoa dawa yenyewe, na maji yamebaki bila ya mlinzi.

Jua. Chupa nyeupe za plastiki zionyeshazo, zisizozidi lita mbili, zijazwe maji meupe na kulazwa juani kutwa, muda usiopungua saa sita. Kukiwa na mawingu mengi, ziachwe siku mbili mfululizo. Siku za mvua njia hii haifai. Nani mwenye jua zaidi ya mwanika karafuu? Pale pale ukumbini, pembeni mwa majamvi, paweza kulazwa safu ya chupa, na anayezigeuza karafuu akaziangalia na chupa. Siku ambayo unahofia mvua kwa karafuu zako, siku hiyo chemsha.

Tuhesabu kidogo. Kambi ya wachumaji 20, kila mmoja akinywa lita tatu kwa siku ya jua kali, inahitaji lita 60, yaani madebe matatu ya lita 20. Ni kweli kwamba kuchemsha madebe matatu kila siku kunakula kuni. Kwa hivyo kwa kambi kubwa vidonge na chupa za jua ni nafuu zaidi. Lakini nafuu ya kuni isitufanye tuziache tiba zote tatu tukaegemea makaa peke yake. Mchumaji akishikwa na tumbo la kuhara wakati wa shamba kuiva, hasara si ya siku zake tu. Karafuu hazimngoji mtu: zikichelewa mtini hufunguka maua na thamani yake hupungua. Na roho ya mtu haina bei kabisa.

Baada ya kutibiwa, maji yahifadhiwe katika chombo kilichofunikwa, na yatekwe kwa kata yenye mpini mrefu, mkono usiguse maji. Mila yetu ya kuufukiza mtungi kwa udi au ubani ni mila nzuri, hutia harufu ya kupendeza, lakini tujue kwamba harufu hiyo si tiba.

MAKAA NA HEWA

Makaa baridi hunasa harufu za hewani pia, ingawa yale ya jikoni kwa kiasi kidogo. Bakuli la makaa makavu ndani ya kabati, sandukuni mwa nguo au chooni hupunguza uvundo na unyevu. Yabadilishwe yakichoka. Walakini hayaui vijidudu vya hewani, wala hayashindi dirisha lililo wazi. Mgonjwa wa kifua chumbani hahitaji bakuli la makaa, anahitaji hewa ipite, na daktari.

Na sasa nasema neno ambalo naomba kila mwanachama alifikishe nyumbani kwake. Kaa baridi na kaa la moto ni vitu viwili mbalimbali. Kaa baridi hupunguza harufu, bali kaa linalowaka hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Hewa hiyo haina rangi wala harufu, na huzidi moto unapokuwa hauna moshi, wakati ambapo watu hudhani kuwa sasa jiko ni salama. Na bakuli la makaa baridi haliwezi kuinasa.

Kwa hivyo seredani yenye moto isilazwe katika chumba kilichofungwa, si kwa mzazi aliyejifungua, si kwa mtoto mchanga, si kwa wachumaji waliojifungia bandani usiku wa mvua. Dalili zake ni kuumwa na kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na ulegevu, na aliyelala huenda asiamke. Ukiona dalili hizo, fungua milango, mtoe mtu nje kwenye hewa, mpeleke hospitali. Chetezo cha udi kwa muda mfupi, dirisha likiwa wazi, hakina neno.

ONYO KWA GHALA

Wako waliouliza kama makaa yatiwe katika ghala la karafuu kuondoa unyevu. Jawabu ni hapana. Makaa hayachagui harufu mbaya na nzuri. Karafuu njema ina mafuta ya kiasi cha asilimia 15 mpaka 20, na harufu ya mafuta hayo ndiyo mali yetu. Tena vumbi la makaa huzichafua. Karafuu hukaushwa na jua kabla ya kuingia ghalani, na ghala hukaushwa na paa lisilovuja.

Wala asitokee mtu wa kukata mti kwa ajili ya somo hili. Chujio moja halihitaji zaidi ya vifuu vya jikoni vya siku chache.

MUHTASARI

1. Makaa hutengeneza rangi, ladha na harufu. Hayaui vijidudu, hayaondoi chumvi.
2. Chuja kwanza, kisha tibu kwa moto, klorini au jua.
3. Klorini isitangulie makaa.
4. Makaa ya chujio yabadilishwe.
5. Kaa la moto lisilale chumbani.

MASWALI YA KUZUNGUMZWA MATAWINI

1. Kwa nini maji meupe na matamu yanaweza kuua?
2. Mwenzako ametia kidonge cha klorini, kisha akayapitisha maji katika chujio la makaa. Mweleze lililotokea.
3. Katika kambi yenu watu ni wangapi, na maji yao ya siku ni madebe mangapi? Yatatibiwa kwa njia gani, na nani atasimamia?

Swali la tatu lijibiwe kwa maandishi na kila tawi kabla ya uchumaji kuanza, na majina ya wasimamizi yaletwe ofisini. Majamvi tumekwisha kuyatayarisha, na magunia pia. Maji ya wachumaji nayo yawe tayari kabla mtu wa kwanza hajapanda mti.

Wasalaam,
Katibu